Shiklete: jina ya bombo ya kutafuna ilitokea wapi?

Saa sita na nusu ya muchana, wakati masomo inaachia watoto, kandokando ya barabara za Makomeno kunakuwaka meza za mbao chini ya parasoli. Juu yake kuko kalanga za kukaanga, biskwi, maji ya sashe, na bokali ya plastiki yenye kujaa bombo za rangi mbalimbali. Mutoto anatoa makuta yake, anasema: "Mama, nipatie shiklete mbili." Mama hamuulize ni kitu gani. Wote wawili wanajua.

Lakini kwenye kayee, ile neno ilileta shida. Siku zilizopita, mutoto wa yaya yangu, mwenye kusoma mwaka wa sita wa primere, alirudi nyumbani macho mekundu. Mwalimu aliwaomba waandike kwa Kifaransa habari fupi juu ya siku ya Yenga kwenye jamaa. Yeye aliandika kama nkambo yake alimuuzia "une chiclette". Ile neno ilikatwa na biki nyekundu, na pembeni waliandika kama haiko Kifaransa, ni luga ya barabarani. Pointi moja ilienda, na darasa yote ilicheka.

Nilimuambia pointi moja haiue mutu. Alinijibu: "Tonton, siyo pointi. Nkambo njo anaitaka vile. Basi nkambo hajue kusema?"

Nkambo yake alifanya kazi ya shemin de fer miaka mingi, na Kifaransa anajua. Kwa hiyo niliahidi mutoto kama nitatafuta. Njo maana ya hii habari: kujua shiklete ilitokea wapi, ni nani aliipatia jina, na namna gani ilifika paka huku kwetu Lubumbashi. Njia yake ni ndefu kuliko vile nilifikiri.

Majina tatu kwa kitu kimoja

Kwanza tuelewane juu ya majina. Hapa Lubumbashi, ile bombo yenye mutu anatafuna bila kumeza inaitwa majina zaidi ya moja. Wengi wanasema shiklete. Wenye kupenda Kifaransa cha masomo wanasema chewing-gum, nayo kwa kinywa chetu inakuwa "shewingomu". Na wenye kutoka upande wa Kasumbalesa, ao wenye kuwa na jamaa Zambia, wanasema chingamu.

Chingamu na shewingomu ni neno moja yenye kupitia milango mbili. Yote inatoka kwa Kiingereza, "chewing gum", maana yake "ulimbo wa kutafuna". Moja ilipitia kusini kwa wenye kusema Kiingereza, ingine ilipitia kwa wenye kusema Kifaransa. Tusisahau kama reli yenye ilifika Elisabethville katika mwaka wa 1910 ilitokea kusini, Rhodesia, na kwa muda mrefu vitu, watu na maneno vilipitia ile njia.

Lakini shiklete haina undugu na ile mbili. Iko na ukoo wake peke yake, na ule ukoo unaanzia kwenye muti moja wa Amerika ya Kati.

Muti wenye kutoa maziwa

Katika pori za Yucatán kule Meksiko, za kaskazini ya Guatemala na za Belize, kunaotaka muti moja murefu. Wenye elimu ya miti wanauita Manilkara zapota. Matunda yake ni matamu, na watu wanayakula paka leo. Ukikata ganda yake na panga, unatoa maji meupe kama maziwa, na ile maji ikikauka, inanata na inavutika. Wenye walikomalia kijijini wataelewa upesi: ni kama bulimbo yenye watoto wanawekaka juu ya matawi juu ya kunasa ndege.

Watu wa kule, Wamaya na Waazteki, waliitafuna mbele ya Wazungu kufika. Kwa luga ya Waazteki, Kinahuatl, waliiita "tzictli". Padri moja Mufransiskani wa Uhispania, Bernardino de Sahagún, mwenye aliishi Meksiko katika miaka ya 1500 na kuandika desturi nyingi za wenyeji, aliandika pia juu ya ile kutafuna. Alisema kama wasichana wenye hawajaolewa walitafuna mbele ya watu bila haya. Wanawake wenye kuolewa na wajane walitafuna pia, lakini ndani ya nyumba. Wanaume wenye walitafuna juu ya kusafisha meno walifanya kwa kujificha, sababu mwanaume kutafuna mbele ya watu ilikuwa aibu.

Mama wenye kukemea binti zao juu ya kutafuna shiklete ndani ya bisi, basi, wajue kama ile mabishano iko na zaidi ya miaka 400.

Wahispania walichukua "tzictli", wakaigeuza "chicle", wanaisoma "chikle". Kwa Kihispania, ile jina ilibakia kwa maziwa ya muti, na leo njo jina ya kawaida ya bombo ya kutafuna katika inchi nyingi za Amerika yenye kusema Kihispania.

Mupira wenye haukufaulu

Chicle ilitoka namna gani kwenye pori na kuingia ndani ya fabriki? Hapa kunaingia mutu moja mwenye historia ya Meksiko inajua sana: jenerali Antonio López de Santa Anna. Aliongoza Meksiko mara nyingi, akafukuzwa mara nyingi. Katika miaka ya 1860 alikuwa mukimbizi huko Staten Island, kando ya New York. Alikuwa na chicle pamoja naye, na alikuwa anatafuta mutu wa kuigeuza kuwa feza.

Ule mutu aliitwa Thomas Adams. Mupango wao haukuwa bombo hata kidogo. Walitaka kugeuza chicle kuwa mupira. Wakati ule, mupira ulikuwa na bei kubwa katika Marekani na Ulaya, na mwenye angepata kitu cha rahisi cha kuchukua nafasi yake angetajirika. Adams alijaribu kutengeneza bote za mvua, michezo ya watoto, na vitu vingine. Vyote viliharibika. Chicle haikukubali kuwa mugumu kama mupira.

Santa Anna alirudi kwao Meksiko, na akakufa maskini katika mwaka wa 1876. Adams alibaki na furushi za chicle zenye hazina kazi. Lakini alikuwa ameona kama watu wa Meksiko wanaitafuna. Alichemsha kidogo, akaviringa vipande, akaviweka ku duka. Vilinunuliwa. Katika mwaka wa 1871 alipata hati ya serikali ya Marekani juu ya mashini yake ya kutengeneza bombo ya kutafuna. Kisha miaka kumi na kitu, katika 1884, alileta yenye kuwa na ladha ya mizizi ya likorisi, akaiita Black Jack.

Kwa hiyo bombo ya watoto ni mupira wenye ulishindwa kazi. Na katika ile miaka yenye ilifuata, mupira wa kweli ulitafutwa kwa nguvu katika inchi yetu. Kati ya 1885 na 1908, wakati Congo ilikuwa mali ya mufalme Leopold II, watu walilazimishwa kuingia pori na kuleta maziwa ya kamba zenye wanasayansi wanaita Landolphia. Mwenye hakufikisha kilo zenye kuombwa aliona mateso, na vijiji vilichomwa. Kamba za ukoo ule njo zinatoa mabungo, yale matunda ya kuchachuka yenye tunanunua ku soko. Sisi tunakula matunda, lakini maziwa ya zile kamba ilijenga feza ya wengine.

Namna "chicle" ikakuwa "Chiclets"

Mwisho wa ile miaka, kampuni nyingi za Marekani zilikuwa zinauzisha bombo ya kutafuna. Katika mwaka wa 1899, zenye nguvu kati yao, pamoja na ile ya Adams, ziliungana na kuitwa American Chicle Company. Unaona: jina ya maziwa ya muti imekuwa tayari jina ya kampuni.

Karibu na mwaka wa 1900, kampuni ya Frank Fleer ya muji wa Philadelphia ilileta kitu kipya. Ilichukua kipande kidogo cha chicle, ikakifunika na ganda ya sukari, nyeupe na ngumu. Ukiuma, ganda inavunjika, ndani unakuta laini. Walikiita "Chiclets".

Maana ya ile jina ni rahisi kwa mutu wa Lubumbashi. Kwa Kiingereza, kuweka "-let" nyuma ya neno kunaonyesha kitu kidogo. Ni sawa na sisi tunawekaka "ka" mbele: katoto, kameza, kanyumba. "Chiclet" basi ni "kachicle", na "Chiclets" ni twingi. Hakuna fumbo ingine ndani. Katika mwaka wa 1914, American Chicle Company ilichukua Chiclets na kuisambaza mbali.

Ile kampuni ya Fleer haikuacha kutafuta. Katika 1906 ilitengeneza bombo ya kufanya puto ya kwanza, lakini ilinata sana ku uso, haikufika ku soko. Ilingojea mwaka wa 1928. Walter Diemer, mwenye alikuwa mutu wa hesabu katika ile kampuni, si fundi, alipata namna yenye kufaa. Aliitia rangi ya waridi sababu njo rangi yenye alikuwa nayo karibu. Ile njo maana paka leo bombo ya puto mara nyingi iko rangi ya waridi.

Kufika kwetu kupitia Ubelgiji

Sasa, shiklete ilifika kwetu namna gani? Jibu iko ndani ya neno yenyewe. Katika Ubelgiji, watu wengi hawasemi "chewing-gum" wakiwa nyumbani. Wanasema "chique", ao wanasema "chiclette". Mufaransa wa Paris anaweza kushangaa akisikia vile, lakini mutu wa Bruxelles ao wa Liège hashangae. Ile "-let" ya Kiingereza iligeuka "-lette", sababu Kifaransa nacho kinatumikisha "-ette" juu ya kitu kidogo: camionnette ni kamyo kadogo.

Vita ya pili ya dunia ilisaidia sana ile bombo kuenea. Askari wa Marekani walipewa bombo ya kutafuna ndani ya chakula chao cha vita. Wakati Ubelgiji ilikombolewa, kuanzia mwezi wa tisa 1944, watoto wa kule walikimbia nyuma ya kamyo za askari wakiomba, sawa na watoto wa Ufaransa, Italia na kwingine.

Congo, Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya Wabelgiji. Angalia sasa namna majirani wetu wanasema: kwa Kinyarwanda, bombo ya kutafuna ni "shikarete". Inchi tatu zenye kutawaliwa na Wabelgiji ziko na neno zenye kufanana, lakini Kenya, Tanzania na Zambia, zenye zilikuwa chini ya Waingereza, hazina. Hii inaonyesha mulango wenye neno ilipitia. Ilikuja ndani ya kinywa cha Mubelgiji, si ya Mufaransa.

Kisha kufika, kinywa chetu kilifanya kazi yake. Kiswahili hakipendi konsona mbili zifuatane bila vokali, wala neno iishie na konsona. Kwa hiyo "chiclette" ilikuwa shiklete, na wengine wanaweka vokali ingine katikati, wanasema shikilete. Ni njia ile ile yenye "camion" ilikuwa kamyo na "cahier" ikakuwa kayee.

Majirani na dunia wanaiita namna gani

Neno ya Waazteki haikufika kwetu peke yake. Kwa Kireno cha Brazili wanasema "chiclete". Kwa Kigiriki, "tsichla". Kwa Kituruki, "çiklet", yenye kusomwa "chiklet". Katika Lebanoni na pande zile, utasikia neno ya ukoo ule ule. Na Irani njo wanachekesha zaidi: kule bombo ya kutafuna inaitwa "adams", sababu ya jina ya Thomas Adams yenye ilikuwa ku paketi. Mutu alikufa, fabriki ikauzwa, lakini mutoto wa Teheran anaenda ku butiki kuomba "adams".

Kwa wenzetu wa Kiswahili cha mashariki, kuko njia zingine. Kenya na Tanzania, wazee wanakumbuka PK, yenye ilitoka kwa kampuni Wrigley ya Chicago. Kuko pia Big G, na Tanzania watu wengi wanasema "bigijii" kwa kila bombo ya kutafuna, hata kama ku paketi wameandika jina ingine. Wengine wanasema "bazoka", juu ya Bazooka, bombo ya puto yenye Wamarekani walileta ku soko katika 1947. Na kuko wenye kusema "ubani". Hii njo nzuri kuliko zote, sababu haikutoka ku paketi. Ubani ni jina ya Kiarabu ya ulimbo wa muti wenye wanachoma juu ya harufu, na ulimbo ule watu wa pwani na wa Arabia waliutafuna pia. Wakati bombo mupya ilifika, waliipatia jina ya kitu chenye walijua tayari.

Huyu Wrigley naye alikuwa na mambo yake. William Wrigley alifika Chicago katika 1891 kuuzisha sabuni. Juu ya kuvuta wanunuzi, aliwapatia na unga wa kuvimbisha mukate bure. Watu walipenda ule unga kuliko sabuni, basi akaanza kuuzisha unga, na juu yake akaweka bombo ya kutafuna bure. Watu wakapenda bombo kuliko unga. Katika 1893 alikuwa tayari ameleta Juicy Fruit na Spearmint. Njo kusema, hata kwake bombo ilianza kama nyongeza ya bure. Kwetu, ukienda kununua sukari na butiki haina feza kidogo ya kurudishia, muuzishaji anakupatia shiklete mbili, anakuambia "ukamate, ni sawa". Unaenda nyumbani na bombo yenye haukuomba. Wrigley angefurahi.

Jina ya paketi kugeuka jina ya kitu

Mutu anaweza kusema: shiklete ni jina ya fabriki, haiko neno ya kweli. Lakini tuangalie namna tunasema kila siku. Mwanafunzi anaomba "biki" hata kama kalamu imetoka China. Ile jina ni ya Marcel Bich, mwenye aliuzisha kalamu zake Ufaransa kuanzia 1950, na akaondoa "h" ya jina yake juu ya Waingereza wasiisome vibaya. Mama anaomba "pampers" kwa kila nepi ya kutupa. Na ule mwalimu mwenyewe alikata neno ya mutoto na biki nyekundu.

Tuendelee mbali kidogo. Neno yenye mwalimu anataka, chewing-gum, ni Kifaransa? Diksionere za Ufaransa zinaikubali, ni kweli. Lakini ni maneno mbili za Kiingereza. Wafaransa wa Kanada wanasema "gomme à mâcher", juu ya kukimbia Kiingereza. Na "gum" yenyewe? Waingereza waliitoa kwa Kifaransa cha zamani, "gomme". Kifaransa kiliitoa kwa Kilatini, Kilatini kwa Kigiriki "kommi", na Wagiriki waliitoa Misri ya zamani, kwenye watu walitumia ulimbo wa miti. Hivi neno yenye inaonekana ni ya Kizungu sana, muzizi wake uko huku Afrika, na neno yenye inaitwa ya barabarani muzizi wake uko kwa Waazteki. Hakuna kati yao yenye ilizaliwa Paris.

Wenye walipanda ule muti

Kuko watu wenye hawaandikwe ku paketi. Wenye kukata chicle waliitwa "chicleros". Waliingia pori wakati wa mvua, sababu njo wakati maziwa inatiririka muzuri, wakakaa huko miezi. Mutu alijifunga kamba kiunoni, akapanda muti na vyuma ku miguu, akakata ganda kwa muchoro wa kwenda na kurudi, ili maziwa ishuke paka chini ndani ya mufuko. Kisha waliichemsha ndani ya chungu kubwa, wakafanya vipande vizito vya kubeba. Panga ikikosea na kukata kamba, mutu alianguka.

Kuko na ugonjwa wenye uliwapata sana. Unaletwa na kamududu kadogo ka kuuma, na unafanya kidonda chenye hakipone upesi, mara nyingi ku sikio, paka kinakula nyama ya sikio. Ni aina ya leishmaniose. Waganga waliupatia jina: kidonda cha chiclero. Kwa hiyo neno moja imeita bombo ya mutoto na kidonda cha baba mwenye alienda kutafuta ile bombo.

Muti nao ulichoka. Ukikatwa, unaomba miaka kadhaa ya kupumzika mbele ya kukatwa tena, na ukikatwa mara mingi, unakufa. Soko ya Marekani haikungojea. Kisha vita ya pili ya dunia, kampuni nyingi ziliacha chicle, zikachukua vitu vya kutengenezwa na petroli, vya ukoo moja na plastiki na mupira wa fabriki. Kazi ya chicleros ilipunguka sana, na pori ikabakia na watu wachache wenye kukata.

Sisi wa Haut-Katanga hatuhitaji mutu wa kutuelezea sana ile hadisi. Mawe inatoka huku, inaenda mbali, inarudi ndani ya telefone yenye jina ya wengine. Tofauti ni kama watu wa Yucatán, hata kama feza iliwapita, neno yao ilibaki.

Ndani ya shiklete ya leo kuko nini?

Shiklete nyingi zenye tunanunua leo hazina maziwa ya ule muti hata kidogo. Ndani kuko kitu cha kutafuna chenye kutoka fabriki, sukari ao kitu cha kuchukua nafasi yake, ladha na rangi. Tuseme mambo matatu yenye wazazi wanaulizaka.

Kwanza, kuimeza. Wazazi wengi wanatisha watoto kama itabakia tumboni miaka saba. Haiko vile. Tumbo haiweze kuiyeyusha yote, lakini inapita na kutoka kama vitu vingine. Hatari iko kwa mutoto mudogo mwenye kumeza nyingi nyingi kila siku, sababu zinaweza kushikamana na kufunga njia, ao kumukaba ku koo. Kwa hiyo mutoto mwenye hajajua kutema asipewe.

Pili, meno. Yenye kuwa na sukari inaharibu meno kama bombo zote, tena inabaki ku meno muda mrefu. Yenye haina sukari haifanye vile. Kuitafuna kisha chakula kunaleta mate, na mate inasaidia kusafisha kinywa. Lakini haichukue nafasi ya brosi.

Tatu, kuitupa. Sababu ni ukoo wa plastiki, haiozi upesi. Yenye unabandika chini ya banki ya masomo itakutwa na mudogo wako. Iviringe ndani ya karatasi, uitupe ku pubeli.

Kurudi kwenye kayee

Haya yote niliyaandika kwa ufupi ku karatasi moja, na mutoto aliipeleka. Mwalimu alisoma, akacheka bila ubaya, akaniitisha. Aliniambia kama yeye mwenyewe hakujua habari za Waazteki, lakini akaongeza jambo moja ya kweli: ku ezamini ya mwisho, mwenye kusahihisha atataka "chewing-gum", na mutoto asipoteze pointi juu ya ukaidi. Nilikubali. Mutoto ajue yote mbili, na ajue ni wapi kila moja inasemwa.

Pointi haikurudi. Lakini kesho yake mwalimu aliandika ku tablo maneno mbili, "chiclette" na "chewing-gum", na akaomba mutoto aelezee wenzake kila moja inatokea wapi. Alisimama, akaanza na ule muti wa Meksiko, akamaliza na nkambo yake. Safari hii hawakucheka.

Nkambo, wakati tulimusomea hii habari magaribi, alisikiliza paka mwisho. Kisha aliuliza kama katika ile safari yote hatukumuletea hata moja. Meno yamebaki machache, lakini tulienda ku meza ya mama kule kona, tukamuuzia ya minti.

Kama kwenu munaiita jina ingine, ao kama kuko neno ingine ya kila siku yenye munatamani kujua ilitokea wapi, mutuandikie ao mupitie ku radio. Tutaitafuta pamoja.